Mkono Usitoke Juu

Jina alipewa na Raya: Kashata,
kwa ule weupe wa nazi na hudhurungi ya karanga.
Sukari hatukuionja.
Siku ya tatu aliniuma kidole cha shahada,
damu ikadondoka kwenye zulia la mwenye nyumba,
na mimi, mtu mzima, mpika mikate wa zamu ya usiku,
nikarukia kochi
nikimwita binti yangu wa miaka tisa aje aniokoe.

Hadithini sungura hushinda kwa ulimi.
Huyu wetu hana maneno.
Ana mguno, kama mtu anayesogeza kabati chumba cha juu,
kisha masikio yanalala mgongoni,
kisha anakuja.
Ameuma ufagio. Ameuma soksi, mguu ukiwa ndani.
Amelipiga ngumi bakuli lake mwenyewe
hadi likabingirika chini ya friji.

Nilianza na methali, maana ndizo nilizosafiri nazo:
samaki mkunje angali mbichi.
Nikagonga kizimba kwa kandambili.
Nikamkemea kwa sauti ya baba yangu,
sauti ambayo sikujua kwamba ilipita forodhani.
Kashata alijikunja kweli,
pembeni, nyuma ya rundo la majani makavu,
na jioni ile ile akaniuma mara mbili.

Dundee, ghorofa ya tatu, mwezi wa kwanza.
Jua huchelewa hadi karibu saa tatu,
kabla ya saa kumi limeshaaga.
Tulimpeleka ndani ya kikapu cha mfuniko
kwa daktari wa wanyama, Bi Geddes, mwenye makovu viganjani,
aliyemshika kifua kwa mkono mmoja na makalio kwa mwingine
kama anayepokea mtoto wa watu.
"Hana ubaya," akasema. "Ni jike, amebalehe,
na hicho chumba chenu kwake ni nchi.
Tutamfanyia upasuaji, damu itatulia, si leo wala kesho.
Sasa nionyeshe unavyomsalimu."
Nikanyoosha mkono nimpapase utosi.
"Hapo," akasema. "Mwewe naye huja hivyo hivyo."

Ndani ya basi nilikuwa nikimwaza huyo mwewe.
Msimamizi wetu kazini, mtu mwema tu,
kila akinigusa bega kwa nyuma
mimi huinama kwanza,
ndipo nikatabasamu.

Basi tukabadilika, sisi, si yeye.
Choo chake tunakisafisha akiwa nje anatafuna zulia.
Bakuli hatumnyang'anyi.
Mkono hauingii kizimbani; mlango uko wazi,
atoke akipenda, asipopenda mchana ni wake.
Raya alilala kifudifudi sakafuni
akisoma kitabu cha shule kwa sauti ndogo,
kotimiri kando ya kiwiko,
bila kumtupia jicho.
Nami ubavuni pake, glavu ya oveni mkononi,
bondia aliyeshindwa kabla ya kengele.

Wiki ya kwanza, hakuna.
Ya pili akaiba kotimiri akatimka kama mdeni.
Ya tatu alikuwa na mshono tumboni na chuki kwa ulimwengu wote,
tukamwacha.
Ya saba akaniuma mkono wa sweta,
akauvuta, akauachia,
akanitazama kwa jicho la pembeni
kana kwamba zamu ya kusema ni yangu.
Sikuondoa mkono. Sikusema kitu.
Ushindi wangu ni huo, sina mwingine wa kutangaza.

Jumapili jioni Raya hurudi kwa mama yake, Perth.
Anamuaga Kashata kwa jina, mimi kwa kunipungia.
Mlango wa chini ukishafungwa,
navua glavu.
Nakilaza kiganja sakafuni, chali,
chini kabisa, kisipite kidevu chake,
nangoja.
Nasikia kabati linasogezwa chumba cha juu,
linasogezwa,
halafu mtu analiacha katikati ya njia.